Hoki Haisemeki kwa Kifaransa

Anse-Rouge, 9 Novemba 1952

Shangazi Ozite mpendwa,

Shikamoo. Najua huko konventini wanakuita Sista Saint-Philémon, lakini hapa nyumbani jina lako halijabadilika, na Mama Mkuu anayezisoma barua hizi kabla yako anisamehe.

Sisi ni wazima. Mama kikohozi kimemwacha, amerudia kupika na kugomba. Dada Léonide amejifungua mtoto wa kike, mnene kama gunia la viazi, na amebatizwa Exilda kwa heshima ya bibi. Baba yupo, anaendelea na kazi kiwandani. Ghuba imeanza kuganda kandokando. Juzi kulikuwa kweupe, nikauona moshi wa ng'ambo yenu, nikajiuliza kama ni wa jiko lenu.

Sasa nije kwenye shida. Unajua niko kwenye redio ya Bwana Euclide Savoie, nasoma matangazo ya vifo na bei ya viazi. Mwaka huu timu yetu ya hoki ya barafuni ina moto. Lakini mechi zote tunazisikia kwa Kiingereza, maana Bwana Euclide anachukua matangazo ya redio ya Wrightsville, mji wa Waingereza, na kuyarusha hapa kama yalivyo. Mji mzima ni Waakadia, watu wa Kifaransa tangu mababu, Shangazi! Watu wanakaa sebuleni kwao kusikia vijana wao wakitajwa kwa lugha ya wasimamizi wa kiwanda, tena majina yenyewe yamevunjwavunjwa. Bibi yake Aldéric Haché, mfungaji wetu, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Hukaa mbele ya redio akisubiri asikie kitu kinachofanana na jina la mjukuu wake.

Nikamwambia Bwana Euclide anipe maikrofoni nitangaze kwa Kifaransa. Akacheka mpaka akashika meza. "Zoël, hoki haisemeki kwa Kifaransa! Mwingereza anamaliza kwa maneno mawili, wewe utakuja na hotuba ya wakili." Baba aliposikia hakucheka. Alisema, "Kifaransa ni cha misa na mazishi. Hakuna goli lililowahi kufungwa kwa Kifaransa."

Hata hivyo nimepewa mechi moja ya majaribio, siku ya pili baada ya Krismasi. Nikiiharibu, narudi kwa marehemu na viazi, na hakuna mwingine atakayethubutu kuomba.

Tatizo ni kwamba hata sisi wenyewe tukicheza tunapayuka Kiingereza. Ni vile vitenzi vyao vinavyotembea na kijineno nyuma. Mchezaji akiwaacha mabeki wote akabaki yeye na kipa, wanasema, neno kwa neno, "kavunja-mbali". Beki akikitoa kisahani, kile kidude tunachokipiga kwa magongo badala ya mpira, mbele ya goli kabla hakijaleta balaa, "kasafisha-nje". Akimpa mwenzake pasi ya kufunga tu, "kaweka-juu". Akizubaa akampa adui, "katoa-mbali". Hivi kwa Kifaransa ni nini? Wewe ndiye mwalimu wa sarufi katika ukoo huu wa wakata magogo. Nishike mkono.

Mpwa wako,
Zoël


Konventini, ng'ambo ya ghuba, 26 Novemba 1952

Mwanangu Zoël,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa kikohozi cha mama yako na kwa huyo Exilda. Umpe busu la shangaziye, na mwambie Léonide asimvishe soksi za sufu ngumu kama walivyotuvisha sisi. Moshi ulioona si wa jiko, ni wa chumba cha kufulia. Jikoni kwetu kuni zinahesabiwa.

Kuhusu hali ya baba yako umeniandikia sentensi moja. Nimeisoma.

Jumapili tunaingia Majilio, na Kanuni yetu haituruhusu kuandika wala kupokea barua mpaka Krismasi, ndiyo maana najibu mbio. Maswali yako nimeyapeleka kwenye kamusi kubwa ya maktaba. Hilo la "kuvunja-mbali" utasema: "Mchezaji, akiwa amejitenga na wapinzani wake wote, anaelekea peke yake kwenye lango." La "kusafisha-nje": "Anakiondoa kisahani katika eneo la hatari." La "kuweka-juu": "Anamwandalia mwenzake nafasi iliyo bora." La "kutoa-mbali": "Kwa kutokuwa makini, anamkabidhi mpinzani kisahani." Ni Kifaransa safi, hata askofu hawezi kukitoa kasoro. Ukisome kwa utulivu na usimeze silabi.

Anayekuombea,
Shangazi yako, Sista Saint-Philémon (Ozite)


Anse-Rouge, 29 Desemba 1952

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Noeli. Tulikula pai ya nyama baada ya misa ya usiku mpaka mkanda ukalalamika. Mtoto Exilda ameota jino, Mama anasema ni mapema mno na atakuwa msema ovyo. Tunajua amerithi kwa nani.

Kwa utulivu, uliniambia. Silabi sikumeza hata moja. Aldéric Haché akawaacha mabeki wawili wa mjini Wrightsville, nami nikaanza: "Mchezaji Haché, akiwa amejitenga na wapinzani wake wote, anaelekea peke yake…" Uwanja ukalipuka, Shangazi! Goli limeingia, wenzake wamemrukia, kofia zinamwagika juu ya barafu, na mimi bado namsindikiza Haché njiani. Nilipomfikisha langoni, mwamuzi alishaanzisha mchezo upya.

Sasa nikipita barabarani ni hivi: "Zoël! Haché kashafika?" Kinyozi ananiuliza hivyo, mwuza samaki ananiuliza hivyo. Jana nikiwa kwenye foleni ya kuungama, jamaa mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Mwombee Haché, yuko safarini." Wote hao nawavumilia. Lakini nyumbani waliniambia kwamba Baba alisikiliza mpaka hapo, akanyanyuka, akazungusha kitufe akarudi kwa Waingereza. Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Aliyeniokoa ni bibi yake Haché. Alipanda ngazi za redio kwa fimbo yake akamwambia Bwana Euclide, "Mjukuu wangu amechelewa kufika, sawa. Lakini kwa mara ya kwanza nimejua kwamba ametoka." Bwana Euclide akafungua daftari la ratiba. Kisha akanipa mechi ndogo za Januari na Februari. Watu wakiendelea kucheka, fainali ya Machi itarudi kwa Kiingereza moja kwa moja. Shangazi, Kifaransa chako ni kizuri sana kwa askofu. Mimi nataka cha mtu anayekimbia.

Zoël


Konventini, 18 Januari 1953

Zoël, mwanangu,

Marahaba. Hapa baridi imegandisha maji matakatifu kwenye bakuli la mlangoni. Sista wa jikoni amevunjika kifundo, anapika akiwa amekaa kwenye stuli na kutoa amri kama jenerali, na supu imekuwa nzuri zaidi. Jino la Exilda limenifurahisha, na ule mshale wako wa "msema ovyo" nimeuona.

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha kushonea, nikacheka hadi Sista mwenzangu akaniletea maji. Maskini Haché! Nilikuandikia kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga barafu, na huo ni uongo mtupu.

Wiki nzima nimesimama dirishani nikiangalia wasichana wa shule wakicheza uani. Nikakumbuka kwamba kabla ya kuvaa shela nilikuwa kipa, Zoël, kwenye kile kihori, kijighuba kinachoganda chini ya nyumba yenu. Nilijifunga vitabu vya bidhaa vya dukani kwenye miguu kwa kamba, na tulichopiga kilikuwa kinyesi cha farasi kilichoganda. Kiwanda kilikuwa hakijaja, Kiingereza hakuna aliyekijua. Lakini hatukucheza kimyakimya! Baba yako alikuwa na mdomo kuliko wote. Kwa hiyo achana na kamusi, chukua haya ya kihorini.

Akiwaacha wote: "Kachomoka!" Akiondoa hatari: "Fagia!" Akimpa mwenzake pasi ya kufunga tu: "Kamwekea mezani!" Akimzawadia adui: "Kagawa sadaka!"

Usimfuate Mwingereza neno kwa neno, utafika umechoka na umechelewa. Mwangalie yule mtu kwenye barafu anafanya nini, halafu sema kama unavyomwambia mama yako jikoni huku sufuria inafurika. Mengine ukiyahitaji, muulize baba yako, maana mengi ni yake. Kwa nini humuulizi? Hapana, usinijibu. Mama Mkuu anasoma.

Ozite (ndiyo, leo naweka hilo mbele)


Anse-Rouge, 14 Februari 1953

Shangazi Kipa,

Shikamoo, tena kwa magoti yote mawili! Mama anakusalimu, anasema alijua kuhusu vitabu vya bidhaa na amekaa na siri hiyo tangu aolewe. Exilda ana meno mawili. Tumeua nguruwe kabla ya Kwaresima na mji mzima unanuka soseji.

Mechi ya kwanza na maneno yako, Haché akawapita, nikapiga yowe: "Kachomoka!" Nikamaliza kabla yeye hajapiga. Nikapata hata nafasi ya kuvuta pumzi na kuona kisahani kikiingia! Beki wa Wrightsville akazubaa, nikasema, "Kagawa sadaka, na si Jumapili!" Fundi mitambo akacheka hadi akagonga swichi, tukapotea hewani kidogo. Tangu hapo kinyozi haniulizi tena habari za Haché. Anapomaliza kumnyoa mtu hupiga taulo na kusema, "Fagia!" Watoto barafuni wameanza kuyapayuka. Wiki iliyopita watu walijaa dukani kusikiliza, na mwenye duka akasema hajawahi kuona Waakadia wamenyamaza kiasi hicho pasipo padre mbele yao.

Kuhusu kumuuliza Baba, sikumuuliza.

Limebaki moja, nalo ndilo kubwa. Kipa wetu Calixte Doiron ni ukuta mwaka huu. Kipa akimaliza mechi nzima bila kuruhusu goli, Waingereza wanasema "kawafunga-nje". Nimetafuta kihorini, nimetafuta jikoni kwa Mama, sijapata. Nikisema "hawakupata goli" ni kama bei ya viazi. Nijibu haraka kabla ya Jumatano ya Majivu, kabla Kwaresima haijawafungia barua tena, nakusihi. Fainali ni katikati ya Kwaresima, na Bwana Euclide bado hajaniahidi.

Zoël


Anse-Rouge, 8 Machi 1953

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikijua kwamba barua hii italala kwenye droo ya Mama Mkuu mpaka Pasaka. Theluji ilizuia treni siku tatu, na barua yangu ya Februari lazima ilifika huko baada ya majivu. Mji unakula samaki wa chumvi na viazi, na kila mtu ni mkali. Mama amepeperushiwa nguo na upepo mara mbili. Exilda analia usiku, Léonide analia mchana.

Bwana Euclide amekubali. Jumapili ijayo mchana, fainali, sisi na Wrightsville, mimi kwenye maikrofoni. Lakini redio ya Wrightsville nayo inatangaza, na mawimbi yao yanafika hapa vizuri tu. Bwana Euclide kaniambia, "Jumatatu nitauliza mji ulisikiliza wapi. Wakikukimbia katika fainali, basi, tena yaishe." Kwa hiyo atakayeamua ni vitufe vya redio za majirani zangu.

Baba amesema mezani kwamba yeye atasikiliza Wrightsville. "Fainali si ya kuchezea," kasema. Uliniuliza kwa nini simuulizi. Barua yako ikija, Mama huiweka mezani, na Baba akipita huigeuza bahasha, anwani ikatazama chini. Hakasiriki, wala haichani. Anaigeuza tu, na Mama anasema ni hivyo tangu ulipovaa shela. Nilidhani ningekuficha, lakini kwa kuwa huwezi kunijibu, nimesema.

Na neno la Calixte sina. Nikifika hapo nitaruka bila kujua chini kuna nini.

Zoël


Konventini, Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili 1953

Mwanangu, mwanangu, mwanangu!

Kristo amefufuka, na naandika mbio kwa furaha, usiangalie hati. Sisi ni wazima. Kifundo cha Sista wa jikoni kimepona, na supu imerudi ilivyokuwa. Barua zako mbili nimezipokea leo asubuhi kwa pamoja. Lakini habari nilikuwa nazo, sikiliza ilivyokuwa.

Kanuni inamkataza mtawa kusoma barua katika Kwaresima. Haimkatazi Mama Mkuu, ambaye kazi yake ni kuzisoma kabla yetu. Mimi nilikuwa gizani, najua tu kwamba fainali ipo, sijui lini. Ikafika ile Jumapili ya nne, Jumapili ya Furaha, padre akavaa kanzu ya waridi na tukasikia kinanda. Chakula kilipokwisha Mama Mkuu akagonga glasi. Ni mwanamke wa Québec mjini, mrefu, hacheki. Akasema: "Masista, leo Kanuni inaturuhusu maua na kinanda. Nimeisoma tena asubuhi. Sikuona mahali inapokataza hoki." Akamtazama Sista mmoja tu, nawe unajua ni nani. "Sista Saint-Philémon atatueleza sheria."

Zoël, redio ya shule iliwekwa juu ya meza ya kufundishia jiografia. Masista wazee mbele, wanovisi nyuma, wasichana wa bweni wamekaa chini. Sauti yako ikavuka ghuba, ikakoroma, ikatulia, na nikakujua, maana una sauti ya babu yako. Ulipopiga "Kachomoka!" mara ya kwanza, nilisimama. Sijui nilisimamaje. Sista wa jikoni alikuwa anauliza, "Kachomoka nani? Wetu au wao?" Ya pili walisimama wanovisi. Ya tatu Sista Saint-Léandre, ambaye ni kiziwi, alisimama kwa sababu wote tumesimama. "Fagia! Fagia!" walikuwa wanapayuka watawa, Mungu atusamehe, hata saa ya ukutani haikusikika.

Halafu kipindi cha mwisho. Tatu kwa bila. Wale wanamshambulia Calixte kama nyuki, na mimi nimeshika rozari, najua unaelekea penye shimo. Kengele ikalia. Ukanyamaza. Nilikuhisi kabisa hapo, mwanangu, nilitaka kuingia ndani ya kile kisanduku nikusukume. Ndipo ukapiga yowe:

"Calixte kawafungisha Kwaresima! Kawafungisha Kwaresima hao Wrightsville, wanarudi kwao hawajaonja hata punje!"

Umechukua mfungo mtakatifu wa Kanisa ukaupeleka kwenye hoki! Wote tukamgeukia Mama Mkuu. Alikuwa ameshika shela yake mdomoni. Nikadhani amekwazika. Zoël, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa, akasema, "Hilo litabaki," na akatoka nje ili acheke vizuri.

Sasa nikuambie. Ile ya Februari ilipochelewa, sikujua unataka neno gani, lakini kipa hujua kipa mwenzake atahitaji nini, nami nilikuwa nimelitunga langu tangu Januari. Nilikuwa nikisubiri Pasaka nikuandikie, kwa majivuno. Baada ya kulisikia lako, la kwangu nimelitupa. Usiniulize lilikuwa lipi, sitakuambia hata nikiwa kitandani kwa kufa. Lako limelipiga kwa mbali, na nimefurahi kushindwa kama sijawahi kufurahi kushinda.

Kuhusu bahasha, nimekuelewa. Asante kwa kuniambia.

Shangazi yako,
Ozite


Anse-Rouge, 13 Aprili 1953

Shangazi Ozite,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mezani kwa sauti, kila mtu akiwepo, na Mama akalia kwenye sehemu ya Mama Mkuu. Tunakula mayai ya Pasaka kutwa. Exilda anajaribu kukaa mwenyewe, na akianguka sote tunamwambia "Fagia!" naye anajaribu tena.

Bwana Euclide aliuliza mjini, kama alivyosema. Hakufika mbali. Kwa kinyozi walimkaribisha kwa kelele za "Kawafungisha Kwaresima!" kabla hajafungua mdomo, na dukani vilevile. Padre alilisema kanisani, akajidai anatukemea, lakini alilisema mara mbili. Nimepewa msimu ujao wote, mechi za nyumbani na za ugenini, na bibi yake Haché anadai ni yeye aliyesaini mkataba. Vifo na viazi vimepata mtu mwingine.

Na Baba. Mama anaapa kwamba siku ile alianza na Wrightsville kama alivyoahidi. Kipindi cha kwanza hakijaisha akasema redio inakwaruza, akazungusha kitufe kidogo, akanipata mimi, akasema, "Hapa hakukwaruzi." Akabaki. Niliposema "Kamwekea mezani!" Mama alimwona akijipiga paja. "Hilo ni langu," kasema. "Nililitunga mimi, kihorini. Nani kampa?" Mama akamwonyesha bahasha zako zote. Kuzisoma kulimchukua jioni nzima, maana husoma polepole. Mwisho akauliza konventi inapokea wageni siku gani. Barafu ikiondoka ghubani atavuka. Anasema mtamaliza ubishi kuhusu nani hasa alitunga "Fagia".

Lakini nilitaka umsikie kiwandani Jumatatu ile baada ya fainali. Hii nilisimuliwa na watu sita na wote wanaisimulia sawa. Msimamizi wao Bwana Murdoch, mtu wa Wrightsville na Mpresibiteri wa kufa mtu, asiyefunga Kwaresima, alikuwa amesikia hilo neno tangu getini. Wanaume wanalipasiana kutoka mashine hadi mashine, wanacheka, na yeye anajua tu kwamba linamhusu. Akamwita Baba pembeni, maana Baba ndiye amekuwa akiwatafsiria wenzake amri za Kiingereza miaka yote hiyo, kila siku ya Mungu.

"Philias," akamwambia, "hilo wanalosema, kwa Kiingereza ni nini?"

Baba akavua kofia. Akafikiri. Mashine zote mbili za jirani zikawa hazina mtu, maana wote wamesogea kusikia.

"Kwa Kiingereza halisemeki, bwana," kasema Baba. "Ukitaka kulijua, kwanza ufunge siku arobaini."

Mpwa wako,
Zoël, mtangazaji wa hoki